Sumu Isiyopiga Kelele



Leo tuchunguze neno moja la Kiingereza, "pernicious". Limetoka katika Kilatini, na mzizi wake ni kifo. Kwa kawaida halisemwi juu ya panga wala bunduki, kwani hizo kila mtu anaziona. Linasemwa juu ya ubaya unaoingia polepole: uongo, mazoea mabaya, mafundisho ya chuki.

Lina ndugu yake katika Kifaransa, na pengine mmelisikia kwenye kituo cha afya. Waganga husema "accès pernicieux", yaani malaria kali inayopanda kichwani. Mtoto anaanza na joto tu, mzazi anasema litapita. Kisha ni degedege, na mtoto hajitambui tena.

Maneno nayo huua hivyo. Redio RTLM ilianza kusikika Rwanda Julai 1993. Watu waliipenda kwa muziki na mizaha yake. Polepole ikawazoeza kuwaita jirani zao Watutsi "inyenzi", yaani mende. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari, ikataja majina ya watu wa kuwindwa. Mahakama ya kimataifa kule Arusha iliwahukumu waanzilishi wake wawili mwaka 2003, lakini waliokufa hawakurudi.

Hapa kwetu sumu hiyo huanza kwenye foleni ya maji: "Wale wa kabila fulani ndio wanaokula msaada wetu." Hakuna aliyeona. Jioni limefika katika vibanda vyote. Baada ya juma moja watoto hawachezi tena pamoja. Baada ya mwezi mtu analala na panga kando yake.

Basi neno likikufikia, uliza maswali matatu: Nani aliona kwa macho yake? Wapi? Lini? Likikosa jibu, lifie kwako, usilipeleke kwa jirani.

Nanyi wakubwa, msingoje damu. Iteni pande zote mbili, mweleze mbele ya wote namna msaada ulivyogawanywa. Mwenye kosa ashitakiwe kwa jina lake, si kwa kabila lake.

Joto la mtoto hutibiwa siku ya kwanza. Neno baya nalo ni vivyo hivyo.

Kaeni na amani.