Mwajiri akisema "hakuna fundi", muulize analipa ngapi

Haya ni maneno niliyoongea na vijana Burat. Nayaweka hapa kwa waliokosa kufika. Sijataja mwanasiasa wala chama, na tafadhali nanyi msitaje huko chini.



Kila msimu wa siasa Isiolo tunaimbiwa nyimbo mbili. Wa kwanza: kazi zote zinachukuliwa na watu wa nje. Wa pili: kazi ziko, ila vijana wetu hawana ujuzi. Anayeimba huu wa pili siku hizi huja na ripoti mkononi. "Tumewauliza waajiri." Sawa, lakini mliuliza nani?

Mtafiti huanza na orodha, na mara nyingi ni ya biashara zilizosajiliwa: hoteli, benki, mashirika, hifadhi za wanyama. Sasa tembea hapa Burat mpaka LMD. Nani ameajiri mtu? Mwenye shamba la mboga kando ya mto. Mwenye pikipiki nne. Mama wa maziwa ya ngamia, anayemlipa mtu akusanye mitungi mapema ili maziwa yawahi gari la Nairobi. Huyo mama ni mwajiri, hata kama hajawahi kujiita hivyo. Ukimuuliza anakosa nani, hatasema mhasibu. Atasema fundi wa friji anayekuja leo, si wiki ijayo, maana maziwa hayangoji. Jibu lake haliko kwenye ripoti, kwa hivyo hakuna chuo kitakachofungua kozi kwa sababu yake.

Halafu kuna swali lenyewe: "Je, unapata shida kujaza nafasi za kazi?" Mmoja anataka fundi wa umeme mwenye cheti na uzoefu wa miaka mitano, na pesa anayotoa ni ya kibarua. Huyo hajakosa fundi, amekosa fundi wa bei hiyo. Mwingine hajawahi kubandika tangazo popote. Alimpigia binamu yake simu, binamu hakupatikana, basi. Wote wawili wanawekewa tiki mahali pamoja: uhaba wa ujuzi.

Mnaona hapo? Kijana wa Burat anaambiwa hana ujuzi wa kazi ambayo hakuisikia ikitangazwa.

Na kuna jambo wengi hawalijui. Mwajiri aliyesajiliwa hutozwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, zinaenda NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani. Akilipa, anaweza kufundisha watu wake na kuomba arudishiwe sehemu ya gharama. Kwa hivyo anayelia hakuna ujuzi, muulize pia mwaka jana amemfundisha nani.

Nasumbuka kwa nini? Katiba ya 2010 iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa kaunti. Ripoti ikisema waashi hawatoshi, pesa zetu zitafundisha waashi. Na sisi tumeshaona mjengo ukiisha. Uwanja wa ndege ulijengwa, lami ikafika Moyale, kazi ya mikono ikaondoka na matingatinga. Kichinjio kikubwa nacho tulikingoja miaka na miaka. Kijana akisomea kazi ya mlango ambao haujafunguliwa, cheti kinabaki sandukuni na karo ya mzazi imeenda.

Sisemi ripoti ni uongo. Afadhali kuuliza waajiri kuliko kubahatisha jukwaani. Ila waulizwe wote, na mshahara uandikwe kando ya kila jibu.

Sheria inataka makadirio ya bajeti yafike bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Mkiitwa kikao cha wadi kabla ya hapo, msiende mikono mitupu. Nendeni na daftari: nani hapa Burat ameajiri mtu mwaka huu, alimpata vipi, anamlipa ngapi, na kazi gani imemshinda kupata mtu. Tunaweza kuanza sasa hivi. Nani ako na kalamu?