Ushuru wa Forodha na Kazi za Viwanda vya Nguo: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuunga Mkono

Matini ya mazungumzo kwa wakazi wa mtaa wa West Indies, Eldoret

 

Kila mwaka bajeti ya taifa inapokaribia, swali moja hurudi hapa Eldoret: serikali ikipandisha ushuru wa nguo na vitambaa kutoka nje, je, kazi zilizopotea viwandani zitarudi?

Swali hili linagusa watu wanaojulikana mjini. Kuna mzee aliyefanya kazi ya zamu katika kiwanda cha nguo na akarudi nyumbani siku mashine ziliponyamaza. Kuna mama anayefungua beli ya mitumba alfajiri akiomba aikute na nguo nzuri. Kuna fundi cherehani anayenunua kitambaa kwa mita ili ashone sare za shule. Ushuru ukipanda, wote watatu huguswa, lakini si kwa namna moja. Mmoja anaweza kupata kazi, mwingine akapoteza mtaji.

Jibu fupi ni hili: ushuru unaweza kukipa kiwanda nafasi ya kupumua, ila hauwezi peke yake kurudisha kazi. Historia ya Eldoret yenyewe inaonyesha sababu.

Yaliyoipata Rivatex

Rivatex ilijengwa miaka ya 1970, wakati Kenya ilipokuwa ikilinda viwanda vyake kwa ushuru mkubwa na kwa leseni za kuagiza bidhaa. Mitumba haikuruhusiwa kuingia kwa biashara. Pamba ilinunuliwa kwa wakulima kupitia bodi ya serikali, ikachambuliwa kwenye vinu, kisha ikafika kiwandani kusokotwa uzi na kufumwa kitambaa. Kisumu kulikuwa na Kicomi, Nanyuki kulikuwa na Mountex. Katikati ya miaka ya 1980 zao la pamba nchini lilifikia kilele chake.

Lakini nyufa zilikuwa zimeanza hata kabla ya ukuta kubomolewa. Wakulima walicheleweshewa malipo ya pamba, na wengi wakaamua kupanda mazao mengine. Viwanda vilizoea soko lisilo na mshindani, na mashine zikazeeka bila kubadilishwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 milango ilifunguliwa kwa ghafla. Biashara ya pamba iliachwa huru mwaka wa 1991, leseni za kuagiza bidhaa zikaondolewa, na mitumba ikaingia kwa wingi. Mwaka wa 1993 shilingi ilishuka sana na riba za mikopo zikapanda kupita kiasi, kwa hiyo kiwanda kilichotaka kukopa ili kinunue mashine mpya hakingeweza. Mwaka wa 1998 Rivatex iliwekwa chini ya mrasimu na kazi ikasimama.

Mwaka wa 2007 Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua kiwanda hicho. Baadaye mashine mpya zililetwa kwa mkopo kutoka India wa takriban dola milioni 30, na mwezi wa Juni 2019 Rais Uhuru Kenyatta akakizindua upya. Matumaini yalikuwa makubwa. Hata hivyo, tatizo lililojitokeza halikuwa la forodha. Lilikuwa uhaba wa pamba. Kiwanda kilikuwa na mashine ila hakikupata malighafi ya kutosha kuziendesha kwa uwezo wake wote. Novemba 2023 Serikali ya Kitaifa iliiweka Rivatex katika orodha ya mashirika 11 yaliyopendekezwa kubinafsishwa.

Kisa hicho kina mafunzo mawili. Kwanza, kuondoa ulinzi kwa ghafla huumiza, na waliopoteza kazi miaka ile hawakuwa wavivu. Pili, ulinzi pekee haukuziba nyufa zilizokuwa ndani.

Ushuru huwekwa wapi na hufanyaje kazi

Kaunti haina mamlaka ya kuweka ushuru wa forodha. Kifungu cha 209 cha Katiba kinaipa Serikali ya Kitaifa peke yake mamlaka hayo. Nayo Serikali ya Kitaifa haiamui peke yake, kwa sababu Kenya ni mwanachama wa Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza kutekelezwa mwaka wa 2005. Viwango vya pamoja vilikuwa vitatu: malighafi bila ushuru, bidhaa za kati asilimia 10, na bidhaa zilizokamilika asilimia 25. Tarehe 1 Julai 2022 kiwango cha nne cha asilimia 35 kilianza kutumika, na miongoni mwa bidhaa zilizowekwa humo ni nguo na vitambaa.

Mfano mdogo utasaidia. Chukua kitambaa kilichofika Mombasa kikiwa na thamani ya shilingi 1,000. Ushuru ukiwa asilimia 25, gharama inakuwa 1,250. Ukiongeza VAT ya asilimia 16, inafika 1,450. Ushuru ukiwa asilimia 35, gharama inakuwa 1,350, na pamoja na VAT inafika 1,566. Tofauti ni shilingi 116, bila kuhesabu tozo nyingine na faida ya wauzaji.

Kwa mwenye kiwanda cha kufuma, hizo 116 ni nafasi. Anaweza kuuza kitambaa chake kwa bei ambayo zamani ingemfukuza sokoni. Kwa fundi cherehani ni gharama, kwa sababu kitambaa kwake ni malighafi. Nguo iliyoshonwa nje ikilipa asilimia 35 na kitambaa nacho kikilipa asilimia 35, fundi hajapata nafuu kubwa. Angepata nafuu zaidi kama kitambaa kingelipa kidogo na nguo iliyokamilika ikalipa zaidi. Lakini hapo mfumaji naye angelalamika. Kwa hiyo anaposimama mtu na kusema ushuru utalinda kazi, muulizeni: kazi ya nani? Ya kulima pamba, ya kusokota, ya kufuma au ya kushona?

Ukuta huo pia una matundu. Nchi wanachama huruhusiwa kuomba kutotumia kiwango fulani kwa muda, kwa hiyo ushuru wa Kenya na wa jirani unaweza kutofautiana kwa bidhaa ileile. Tofauti ikiwa kubwa, magendo hupata faida. Anayelipa ushuru wote halali ndiye hubaki na bidhaa ghali dukani.

Waliojaribu

Mwaka wa 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, ili kujenga viwanda vyake vya nguo. Wauzaji wa nguo kuukuu wa Marekani walilalamika kwa serikali yao mwaka wa 2017. Kenya, ambayo nayo ilikuwa katika mpango wa Afrika Mashariki wa kupunguza mitumba, ilirudi nyuma. Rwanda haikurudi nyuma, na mwezi wa Julai 2018 Marekani ikasimamisha nafasi ya nguo za Rwanda kuingia huko bila ushuru chini ya mpango wa AGOA.

Kenya ilikuwa na sababu ya kuogopa. Kazi nyingi za kushona nguo nchini ziko katika maeneo ya EPZ kama Athi River, na zilikua baada ya AGOA kuanza mwaka wa 2000. Viwanda hivyo hushona kwa ajili ya soko la nje, mara nyingi kwa kitambaa kilichoagizwa kutoka ng'ambo bila ushuru. Maana yake ni kwamba maelfu ya kazi hizo hazikuletwa na ushuru wa Kenya. Zililetwa na mlango uliofunguliwa na nchi nyingine, na nchi hiyo inaweza kuufunga ikikasirishwa.

Marekani yenyewe ilijaribu ushuru. Mwaka wa 2018 iliweka ushuru maalumu kwa mashine za kufulia nguo kutoka nje. Viwanda vya ndani viliajiri kweli: wachumi waliofuatilia walikadiria ajira mpya 1,800 hivi. Lakini bei zilipanda. Hata mashine za kukaushia nguo, ambazo hazikutozwa ushuru huo, zilipanda bei kwa sababu watu huzinunua pamoja na za kufulia. Gharama ya mwaka kwa wanunuzi ilipogawanywa kwa idadi ya ajira hizo, kila ajira ilikuwa imegharimu zaidi ya dola 800,000. Kwa hiyo si kweli kwamba ushuru hauleti kazi kamwe. La kuuliza ni bei ya kila kazi, na nani anailipa.

Kiwanda kilekile, kazi tofauti

Jambo hili ni gumu kulisema mbele ya wazee waliofanya kazi Rivatex, lakini linafaa kusemwa. Mashine za kisasa za kusokota na kufuma huhitaji watu wachache kuliko zile za miaka ya 1970. Kazi ambayo zamani ilishikwa na watu kadhaa katika zamu moja, leo inaweza kusimamiwa na mmoja mwenye ujuzi wa umeme na kompyuta. Kiwanda kinaweza kufufuka kabisa bila idadi ile ya wafanyakazi kurudi.

Kazi nyingi katika nguo ziko pande mbili za kiwanda: nyuma, shambani kwa mkulima wa pamba, na mbele, kwa mafundi wanaokata na kushona. Uasin Gishu ni nyanda za juu, nchi ya mahindi na ngano. Pamba hutoka Bonde la Kerio, Baringo, Busia, Siaya, Homa Bay na kwingineko kwenye joto. Mkulima wa huko asipolipwa kwa wakati, mashine za Eldoret hukosa kazi. Serikali iliidhinisha kilimo cha pamba ya Bt mwezi wa Desemba 2019 ili kupunguza hasara ya viwavi. Hata hivyo mbegu bora haitoshi kama soko si la uhakika na malipo yanachelewa.

Masharti ya ushuru wenye manufaa

Kutokana na hayo, ushuru una nafasi ya kusaidia pale ambapo mambo manne yapo pamoja.

La kwanza ni malighafi. Ushuru ukipanda kabla pamba haijapatikana, kinachopanda ni bei tu.

La pili ni gharama ya umeme na mikopo. Kiwanda kinacholipia umeme ghali kuliko mshindani wake kitaitumia ile nafasi yote kulipa bili.

La tatu ni mnunuzi wa uhakika. Sare za shule na za askari, shuka za hospitali na mavazi ya wauguzi ni soko ambalo serikali inaweza kulielekeza kwa bidhaa za nchini bila kumtoza mama wa mitumba hata senti.

La nne ni muda unaojulikana. Ushuru unaobadilika kila Juni hakuna mwekezaji atakayeujengea kiwanda. Na ushuru usio na tarehe ya kuisha humfanya mwenye kiwanda alale, kama ilivyotokea zamani. Ulinzi wa miaka michache, wenye masharti ya kununua pamba ya hapa na kufundisha vijana, una maana zaidi kuliko ukuta wa milele.

Ya kaunti na ya mwananchi

Ingawa ushuru si kazi ya kaunti, Katiba imezipa kaunti masoko, ustawi wa biashara na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kijana anayefundishwa kushona kwa kipimo cha kiwandani, soko lenye paa na umeme, na zabuni ya kaunti inayofikiwa na vikundi vya mafundi, ni mambo yanayoweza kuulizwa katika vikao vya bajeti ya kaunti. Yaulizeni.

Kuhusu ushuru wenyewe, Hazina ya Kitaifa hupokea maoni kila mwaka kabla ya mawaziri wa fedha wa Afrika Mashariki kukubaliana juu ya viwango. Kisha Mswada wa Fedha hupelekwa Bungeni na wananchi huitwa kutoa maoni. Mara nyingi wanaofika huko ni wenye viwanda vikubwa na waagizaji wakubwa. Fundi cherehani na mama wa mitumba husikia habari bei ikishapanda.

Maoni ya kuandika hayahitaji wakili. Chama cha mafundi kinaweza kueleza kwamba mita ya kitambaa ilikuwa kiasi gani mwaka jana na ni kiasi gani sasa, na wanachama wangapi wamepunguza vibarua. Wauzaji wa mitumba wanaweza kutaja bei ya beli. Waliokuwa wafanyakazi wa kiwandani wanaweza kueleza walichoona kikiharibika kabla ya kufungwa, kwa sababu wao wanajua kuliko walio Nairobi. Hesabu hizo fupi zina uzito kuliko kelele.

Na mtu yeyote atakayefika West Indies kuahidi kwamba ushuru utarudisha kazi za Rivatex, aulizwe maswali matatu kabla ya kupigiwa makofi: pamba itatoka wapi, nani atalipa tofauti ya bei, na ulinzi utaisha mwaka gani. Akiwa na majibu, anastahili kusikilizwa.