Kuchagua Tochi ya Kuzamia Usiku na Mapangoni



Mzamiaji wa usiku akizimikiwa na tochi baharini, aweza kupanda taratibu hadi juu ya maji. Aliye pangoni hana njia hiyo, kwani juu yake pana jiwe. Kwa sababu hiyo tunawashauri msinunue kwa kutazama bei pekee.

Kwanza, someni alama ya kuzuia maji. IPX7 ina maana kwamba kifaa kimepimwa katika kina cha mita 1 kwa dakika 30 tu. Katika mita 30, shinikizo ni mara 4 ya lile la juu ya maji. Chagueni tochi iliyoandikwa kina kinachozidi kile mnachokusudia.

Pili, wingi wa lumeni hautoshi. Penye matope, mwanga mpana humrudia mzamiaji machoni, ilhali mwembamba hupenya mbali zaidi.

Tatu, ulizeni betri hudumu muda gani kwa mwanga kamili. Muda huo uzidi ule wa kuzama.

Nne, kanuni ya wazamiaji wa mapango ni taa 3 kwa kila mtu: moja kuu na mbili za akiba. Baharini usiku, zisipungue mbili.

Mwisho, kabla ya kulipa, fungueni tochi mkague pete yake ya mpira: isiwe na ufa wala mchanga. Daini risiti na dhamana ya maandishi. Muuzaji akikataa tochi isifunguliwe, mwachieni tochi yake.