Kelele, Ukimya na Ushahidi: Vyombo vya Habari na Mgawanyiko wa Kisiasa Kenya

Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na ikazinyooshea kidole baadhi ya redio za lugha za mama. Lawama iliangukia hasa vipindi vya wasikilizaji kupiga simu. Mtu asiyejulikana anapewa hewa, anamwita jirani yake mgeni au adui, na mtangazaji asiyesomea uandishi wa habari anaacha maneno yapite. Kituo hakipati hasara. Simu zikimiminika, wasikilizaji huongezeka, na wenye matangazo ya biashara hufuata wasikilizaji. Hoja yangu ni kwamba habari za kutia chumvi hustawi pale hasira inapolipa kuliko ushahidi, na kwamba kunyamaza hakuziponyi.

Wapo watakaosema redio zinasingiziwa. Mapigano ya Bonde la Ufa ya 1992 na ya Likoni ya 1997 yalitokea kabla redio binafsi za lugha za mama hazijashamiri. Chanzo kilikuwa ardhi na wanasiasa walioitumia. Ni kweli, wala sioni sababu ya kubisha. Lakini dhuluma ya ardhi ina historia, ina hati, ina majina ya walionufaika. Ikishageuzwa kuwa ugomvi wa kabila hili na lile, mwenye hati anasahaulika na maskini wawili wanabaki wakikabiliana. Kazi hiyo ya kugeuza haifanikiwi bila kipaza sauti.

Serikali nayo ilikuwa na dawa yake. Tarehe 30 Desemba 2007 ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Uvumi ukahamia kwenye ujumbe mfupi wa simu, ambako hapakuwa na mhariri wa kuulizwa. Januari 2018, kiongozi wa upinzani Raila Odinga alipojiapisha kuwa "rais wa wananchi" Uhuru Park, runinga kubwa zilizimwa, na wafuasi wake wakaona shaka zao zimethibitishwa. Wahariri wenyewe walijaribu upole katika uchaguzi wa 2013. Vifaa vya kutambua wapigakura vilipogoma na mfumo wa kupeperusha matokeo ukakwama, wengi walichelea kuhoji kwa ukali, wakihofia kuchochea. Nia ilikuwa njema, tena inaeleweka kwa nchi iliyokuwa imezika watu wengi hivyo. Hata hivyo, maswali ambayo hayakuulizwa hewani hayakufa. Yaliulizwa vijiweni, kila kambi kwa majibu yake.

Uchaguzi wa 2022 ndio unaonipa matumaini, pamoja na dosari zake. Tume ya uchaguzi iliweka mtandaoni fomu 34A, yaani fomu za matokeo za vituo vya kupigia kura zaidi ya 46,000, na yeyote akaweza kuzisoma. Runinga zilikimbilia kujumlisha, kila moja ikianza na fomu ilizotaka. Moja ikaonyesha William Ruto anaongoza, nyingine Odinga, kwa saa ileile. Watazamaji walichanganyikiwa. Wengine wanaona hilo ni sababu ya kuzuia ujumlishaji. Mimi naona kasoro ilikuwa mbio za kutangulia, si fomu. Kabla ya uchaguzi wa 2027, wahariri wakubaliane kujumlisha pamoja, na kila jumla inayotokea kwenye kioo iandamane na idadi ya vituo vilivyohesabiwa na kaunti vilikotoka.