Ushuhuda wake si mali ya telefoni zetu



Siku 16 za kupinga ukatili juu ya wanawake zinaanza tarehe 25 Novemba, na kwenye magrupu yetu ya WhatsApp maneno iko mengi: twende kambini, tutafute mama aliyebakwa, tumurekodi, watu waone. Tunasema wazi leo: sisi hatutaenda hivyo.

Wanaotaka video tunawaelewa. Agosti 2021 UNHCR ilitangaza kwamba kwa wiki mbili tu, katika vijiji 12 vya jimbo letu, mashirika yaliandika visa 243 vya ubakaji, na 48 kati yao ni vya watoto. Nani hapa anakumbuka hesabu ile? Ilipita kama maji ya Lukuga. Lakini mama mmoja akianza kusema «nilikuwa natoka shambani», mtaa muzima unanyamaza. Nguvu ya ushuhuda hatuikatai. Rebecca Masika Katsuva alibakwa, mume wake akauawa. Kule Minova akafungua mlango kwa wanawake wenzake mpaka alipokufa mwaka 2016, na kisa chake alikisimulia kwa jina lake. Tatiana Mukanire wa Bukavu alikiandika chake kitabuni. Hao walichagua wenyewe: siku gani, mbele ya nani, na wapi wanyamaze.

Sasa angalieni kwetu. Tangu vita ya Batwa na Baluba ilipozidi mwaka 2016, watu walikimbilia huku, Katanika na Kalunga. Shirika linafika na kamera, linauliza, linaondoka. Lingine linafika, maswali ni yale yale. Mama anasimulia mara ya sita juu anafikiri safari hii unga na shitingi vitafuata. Hiyo mnaiita kukubali? Mwenye njaa hawezi kukatalia mgeni mwenye gari. (Sisi wenye diplome bila kazi tunajua kujaza fomu za watu wasiorudi. Lakini fomu zetu hazikutuvua nguo.)

Na Kalemie ni ndogo. Ukimufunika macho, sauti yake inabaki, kitenge chake kinabaki. Shemeji atamujua. Watoto wanaosoma na mtoto wake watamujua kabla ya kengele ya saa sita.

Sheria 06/019 ya tarehe 20 Julai 2006 inaagiza kulinda usalama, heshima na siri ya maisha ya aliyebakwa. Akiomba, kesi inaweza kusikilizwa milango imefungwa. Kumbukeni Kavumu, Kivu ya Kusini, kesi ya wasichana wadogo sana. Watoto hawakusimamishwa mbele ya washtakiwa: maneno yao yalirekodiwa mbele, wasirudie tena. Watu wazima walishuhudia nyuma ya pazia. Tarehe 13 Desemba 2017 watu 11, pamoja na mbunge wa jimbo, wakahukumiwa kifungo cha maisha. Haki ilipatikana bila Kavumu nzima kuona sura za watoto. Wewe kwenye Facebook, sura unaitaka ya nini?

Basi kampanye yetu itasema mambo yanayookoa. Aliyebakwa afikishwe hospitali kabla ya masaa 72, juu dawa ya kuzuia ukimwi haingoji. Asifue nguo ile, aibebe. Asiulizwe alikuwa amevaa nini. Hayo tutayasema sokoni, kanisani, musikitini, bandarini, na hayahitaji machozi ya mtu.

Kama mama anataka kusema, atatutafuta mwenyewe. Aje na mtu anayemwamini, asikilize maneno yake mbele ya mtu mwingine, akisema futa, tunafuta. Na tumwambie ukweli wote: ikishaingia WhatsApp, hata sisi hatuwezi kuirudisha.

Kamera zenyewe hatuzitupi. Sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 inaahidi fidia, na FONAREV iliundwa kwa kazi hiyo. Wangapi wa Tanganyika wamekwisha kuandikishwa? Wangapi wamelipwa? Askari ngapi wako kwenye barabara za mashamba? Maswali hayo yana watu wa kuyajibu, na hao hawana haja ya kufunikwa sura.

Jumamosi tunaandika barua kwa gavana. Leteni kalamu, na telefoni ziwe na chaji: siku ya kuipeleka tutarekodi jibu.