Haki ya Mtu na Mamlaka ya Serikali: Kutoka Kipande hadi Kitambulisho

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Tumepewa kazi ya kusema juu ya jambo ambalo laweza kudhaniwa kuwa ni la mahakimu na mawakili peke yao, nalo ni mpaka uliopo baina ya haki ya mtu mmoja na mamlaka ya Serikali. Hatutalitazama kwa mbali. Tutalitazama katika kitu kidogo kinachokaa mifukoni mwetu, yaani kitambulisho, kwa kuwa hapo ndipo Serikali na raia wanapokutana kila siku.

Kwanza yafaa tuseme kweli. Serikali haiwezi kuwahudumia watu isiowajua. Bila daftari la watu hakuna uchaguzi wa haki, wala hakuna njia ya kumfikishia mzee fedha zake za uzeeni. Basi kuandikishwa si uovu. Swali letu ni moja tu: je, karatasi hiyo yamtumikia mtu, au mtu ndiye aitumikiaye karatasi?

Babu zetu walilijua swali hilo. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanamume Mwafrika aliyetimia miaka 16 alilazimika kuchukua kipande. Humo mliandikwa jina lake, kabila lake, waajiri wake na mshahara wake, na alama za vidole vyake zikatiwa. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Aliyekutwa hana kipande alitozwa faini au alifungwa. Aliyeacha kazi bila mwajiri kumtilia saini alihesabiwa mtoro, akasakwa. Mzungu hakuwekewa sharti kama hilo. Kipande hakikutolewa ili mtu apate haki yake, bali kilitolewa ili asiondoke mahali alipotakiwa.

Mwaka 1921 Harry Thuku na wenzake wa East African Association walikilalamikia kipande, pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Tarehe 14 Machi 1922 Thuku alikamatwa. Siku mbili baadaye watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi mjini Nairobi kudai aachiliwe, nao wakapigwa risasi. Hesabu ya Serikali yenyewe ilitaja maiti 21. Thuku alihamishwa bila ya kuhukumiwa na mahakama, akakaa uhamishoni zaidi ya miaka minane. Sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote haikupatikana mpaka mwaka 1947.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, tangu Oktoba 1952 hadi Januari 1960, na maelfu ya watu wakawekwa kizuizini bila kesi. Nasi tusijidanganye kwamba ubaya huo ulikuwa wa wageni tu. Mwaka 1966, Uhuru ukiwa haujatimiza miaka mitatu, Bunge letu wenyewe liliipa Serikali uwezo wa kumzuia mtu pasipo kumfikisha mahakamani. Sababu iliyotolewa ilikuwa ile ile ya zamani: usalama wa nchi. Usalama ni jambo kubwa, lakini neno hilo likiachwa bila mpaka humeza kila haki.

Mpaka huo umeandikwa katika Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 24 chasema kwamba haki haiwezi kupunguzwa ila kwa sheria, na kwa kiasi kinachokubalika. Kifungu cha 49 chaamuru aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya mahakama inayofuata ikiwa muda huo umeishia nje ya saa za kazi. Kifungu cha 12 chasema kwamba hati za utambulisho ni haki ya kila raia. Hazitajwi kuwa hisani ya ofisi yoyote.

Maandishi hayo yana nguvu pale watu wanapoyashika. Mwaka 2019 Serikali ilipoanzisha Huduma Namba, raia walikwenda mahakamani. Januari 2020 Mahakama Kuu haikukataza wananchi kuandikishwa, lakini ilikataza kuchukua vinasaba vya watu na alama za mahali nyumba zao zilipo, ikataka kwanza ziwepo kanuni za kulinda habari hizo. Hivyo ndivyo mpaka unavyowekwa: Serikali haikuvunjwa, wala raia hakunyamazishwa.

Sasa twafika kwenye neno gumu, linalotuhusu sisi wazee. Kwa miaka mingi vijana wa Kinubi, wa Kisomali, na Waislamu wengi wa Pwani, waliozaliwa katika nchi hii, wamepigwa msasa kabla ya kupewa kitambulisho, huku vijana wa makabila mengine wakiandikishwa bila mashaka. Asiye na kitambulisho hafungui akaunti ya benki, hasajili laini ya simu kwa jina lake, na kazi ya mshahara humpita. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuukomesha msasa huo. Twalipokea tangazo hilo kwa shukrani. Hata hivyo, lililowekwa kwa tangazo laweza kuondolewa kwa tangazo.

Na katika kamati hizo za msasa, pamoja na chifu, walikaa wazee. Mzee aliyeulizwa, "Je, wamjua kijana huyu?" alishika mkononi mwake mamlaka ya Serikali. Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu uchungu. Hatuwezi kuwalilia babu zetu waliovishwa kipande, kisha tukamnyima mtoto wa jirani haki yake kwa sababu ya jina lake au msikiti wake.

Kwa hiyo twauomba Mkutano huu ukubali mambo matatu. Kwanza, mzee wa Chama atakayeitwa kumshuhudia mtu aseme analolijua tu, asipokee chochote, wala asiulize ukoo pale sheria isipouliza. Pili, kijana atakayekataliwa asaidiwe na Chama kudai sababu kwa maandishi, kama Kifungu cha 47 kinavyomruhusu. Tatu, jamaa wa mwanachama akikamatwa, Katibu aarifiwe siku ile ile, ili saa 24 zisipite bila mtu kuzihesabu.

Serikali ni yetu, nasi twaitii. Lakini utii wa mtu huru una macho. Haki tunayoilinda kwa jirani leo ndiyo itakayotulinda sisi kesho.