Sauti Inayosema "Rudia"

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya Swala ya Alasiri)



Ndugu zangu vijana, mama zetu na baba zetu, nimeombwa nizungumze juu ya wasiwasi na tiba yake. Nitaanza na mimi mwenyewe, ili mtu asije akadhani namsema yeye.

Nilipokuwa na umri wa miaka 17 nilikuwa natia udhu kwa dakika 40. Naam, dakika 40! Naosha mguu, sauti kichwani inaniambia, "kisigino hakikupata maji," narudia. Nikimaliza mguu nashuku uso. Ramadhani moja nilikosa jamaa ya Alfajiri karibu mwezi mzima, na mimi niko pale pale msikitini, kwenye mfereji, imamu namsikia akisoma. Wenzangu wakaniita Bwana Maji. Mwisho nikaacha kwenda, nikawa naswali chumbani mlango umefungwa, kwa aibu.

Sasa niulizeni: nani alinishika mkono nisitoke pale kwenye maji? Hakuna. Kilichonifunga ni maneno tu: "Usipokuwa na uhakika, rudia." Nilifundishwa utotoni kwa nia njema, na kwa mtoto wa miaka 7 anayeosha uso nusu ni maneno mazuri. Lakini mimi niliyabeba nikaenda nayo mbali.

Hebu tuangalie maneno ya namna hii yanavyofanya kazi kwa mwanadamu. Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner aliandika kwamba tabia zetu hutoka kwenye milango miwili. Mmoja ni kuonja matokeo: mtoto anagusa jiko, anaungua, hagusi tena. Wa pili ni kanuni ya maneno: mama anasema "usiguse waya huo, una umeme," na mtoto hagusi, wala hakuhitaji kupigwa na umeme ndipo ajue. Hii ni neema kubwa. Paka hawezi kumwambia mwanawe habari ya waya. Sisi tunarithishana kwa ulimi mambo ambayo mababu walilipia kwa maisha yao.

Lakini neema hiyo ina upande wa pili. Mwaka 1986 Steven Hayes na wenzake walichapisha majaribio yao. Watu waliketi wakibonyeza vitufe kusogeza taa na kupata pointi. Kuna wakati ilifaa kubonyeza haraka, na wakati mwingine polepole. Baadhi yao waliambiwa maneno ya kuwaongoza: nenda haraka, nenda taratibu. Wakafanya vizuri sana. Kisha pointi zikakatwa kimya kimya, kubonyeza kukawa hakuna faida yoyote. Mngetarajia waache, sivyo? Baadhi ya wale waliokuwa wakifuata maneno waliendelea kubonyeza kama kwamba hakuna kilichobadilika. Kanuni iliwaziba wasione kilichokuwa mbele ya macho yao. Niliposoma habari hiyo nilijiona mwenyewe na mfereji wangu.

Hayes na mwenzake Robert Zettle walikuwa wamekwisha eleza mwaka 1982 kwamba watu hufuata kanuni kwa njia zaidi ya moja. Nitazitaja mbili, maana ndizo zinazotuhusu hapa. Mama akikwambia "chukua mwavuli, mvua inakuja," unaweza kuuchukua kwa sababu umetazama mawingu ukaona kweli. Au unaweza kuuchukua ili mama asikasirike, jua linawaka, wewe na mwavuli wako. Kwa macho ya mpita njia ni kitendo kimoja. Lakini yule wa kwanza kesho ataangalia mbingu, na yule wa pili kesho ataangalia uso wa mama.

Wazazi, hapa naomba mnisikilize, na mnisamehe. Nyumba nyingi zetu zinalea wa pili. "Watu watasemaje?" "Usinitie aibu." "Mwanamume halii." Mtoto anatii, tena haraka, na mzazi anafurahi. Kisha mtoto huyo anakuwa kijana wa miaka 20, anafukuzwa kazi au anafiwa, usiku hapati usingizi, na hasemi na mtu, kwa sababu ndani yake bado kuna sauti inayomwambia mwanamume halii. Mimi sisemi watoto wasifundishwe kutii. Nasema waelezwe pia kwa nini, na waachwe waone wenyewe.

Turudi kwenye tiba. Jambo la kwanza nililojaribu mimi ni kulifukuza lile wazo. Najiambia "usifikirie kisigino!" Mnajua ilikuwaje? Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wakae dakika 5 wasimfikirie dubu mweupe, na kila akiwajia wapige kengele. Kengele zililia! Na baadaye waliporuhusiwa kumfikiria, wakamfikiria zaidi kuliko wale ambao hawakukatazwa mwanzo. Jaribuni nyinyi sasa hivi, na saumu zenu hizi: msifikirie sambusa. (Naona wengine mmeshameza mate.) Kumbe "usifikirie" nayo ni kanuni, na ndani yake kile kitu kimetajwa.

La pili nililojaribu ni kubishana nalo. Nikaleta dalili, nikahesabu kwa vidole, nikamwita ndugu yangu anishuhudie kwamba mguu umerowa. Nafuu ya nusu saa. Kisha sauti inasema, "na kama hakuona vizuri?"

Aliyenifungua ni mshauri mmoja, mama wa makamo, na hakunifungua kwa mabishano. Aliniuliza swali moja tu: "Kanuni hiyo umeifuata miaka 2 kwa uaminifu kabisa. Imekufikisha wapi?" Nikanyamaza. Jibu lilikuwa: bafuni. Nilikuwa nataka swala, na kanuni niliyoifuata kwa ajili ya swala ndiyo iliyonitoa kwenye swala.

Njia aliyoitumia ina majina yake. Sehemu moja ni ile iliyoanza London, ambapo Victor Meyer mwaka 1966 aliandika juu ya wagonjwa waliowekwa karibu na kile wanachokiogopa, kisha wakazuiwa wasirudie kuosha. Sehemu ya pili inaitwa tiba ya kukubali na kuazimia, aliyoiandikia kitabu Hayes pamoja na Kirk Strosahl na Kelly Wilson mwaka 1999. Hayes mwenyewe aliwahi kupatwa na hofu kali ya ghafla mwaka 1978, akiwa mwalimu wa chuo kikuu kwenye mkutano na wenzake. Kwa hiyo hakuandika habari za majirani.

Zoezi lake moja ni la kuchekesha. Unachukua neno "maziwa", unalisema haraka haraka, maziwa maziwa maziwa, nusu dakika hivi. Mwanzoni unaona weupe, unasikia ladha. Baada ya muda inabaki sauti tupu, mdomo unapiga kelele tu. Jambo hili lilielezwa na Titchener zamani, karibu na mwaka 1916. Mshauri akanifanyisha hivyo hivyo na neno langu: rudia rudia rudia. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na yale machozi sijui yalikuwa ya kicheko peke yake.

Kisha likaja gumu. Kutia udhu mara moja, kila kiungo mara 3, kufunga mfereji, kuondoka. Na wasiwasi? Uje. Usiufukuze, usiujibu, tembea nao. Siku ya kwanza nilitetemeka, nikaswali nikiwa na hakika kwamba swala haikuswihi. Wiki ya tatu dakika 40 zilikuwa 12.

Wapo watakaouliza, je, huku si kuchezea dini? Nilimwendea ustadh wangu na swali hilo hilo. Akanikumbusha kanuni ya fiqhi inayojulikana na kila mwanafunzi, kwamba yakini haiondoki kwa shaka, na kwamba mwenye maradhi ya wasiwasi huambiwa asiujali, aendelee. Nikaona ajabu: muda wote nilikuwa nimeshika kanuni yangu mwenyewe nikaiita dini. Na jambo hili si geni kwa Waislamu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, katika kitabu chake juu ya maslahi ya miili na nafsi aliuandikia wasiwasi kama maradhi ya nafsi yanayotibiwa, zaidi ya miaka 1,000 kabla ya hao wa London.

Wala msidhani tiba hii ni ya wenye pesa na wa Ulaya. Kaskazini-magharibi mwa Uganda, katika kambi ya Rhino, wanawake 694 wakimbizi kutoka Sudan Kusini walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Waliopata mafunzo walikaa kwa makundi, vikao 5 vya saa 2, wakisikiliza sauti iliyorekodiwa na kutazama kitabu cha picha kilichotayarishwa chini ya Shirika la Afya Duniani, wakiongozwa na watu wa kawaida wasio madaktari. Miezi 3 baadaye dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya wale ambao hawakupata mafunzo hayo. Vita havikufutwa, walichojifunza ni kuyasikia mawazo yao mazito bila kuburutwa nayo.

Wengine watahitaji na dawa pia, hilo aseme daktari. Ukiona kijana wako anakaa bafuni saa nzima, usimgongee mlango kwa matusi, wala usimsaidie kuhakikisha kwamba mguu umerowa. Mpeleke kwa anayejua.

Mimi sauti ile haikuniacha kabisa. Juzi tu, usiku wa daku, imenijia: "kisigino cha kushoto." Niliisikia vizuri. Nikafunga mfereji, nikavaa makubadhi, nikatoka.